Gari ya Viti Viwili

Bukuru,

Nianze na habari njema, maana mbaya utazitafuta mwenyewe kama kawaida yako. Mimi mdogo wako Butoyi sasa hivi ndiye dereva hodari kuliko wote waliowahi kushika usukani tangu injini ya kwanza ipige chafya. Sisemi Kasulu peke yake. Sisemi mkoa wa Kigoma. Nasema dunia nzima, na kama huko uliko kuna madereva, waambie na wao. Nikikanyaga mafuta kwenye ule mteremko wa kushuka Malagarasi, lami yenyewe inajinyoosha ili nisisumbuke na kona. Ng'ombe wanasimama pembeni kwa mstari kama wanafunzi kwenye gwaride. Madereva wa malori, wale wenye vitambi vya kuegemeza usukani, wanashusha vioo wanauliza, "Huyu ni nani?" Wanajibiwa: huyo ni Butoyi wa Muyama, aliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu walimu waliishiwa cha kumfundisha.

Acha kucheka. Najua unacheka, na najua unasema, "Butoyi, wewe ulifeli mpaka michezo." Sawa. Lakini wewe umekufa, kwa hiyo leo naongea peke yangu na nitasema ninavyotaka.

Halafu nina ugomvi na wewe. Ulizaliwa kwanza, nikanyamaza. Ukaota ndevu kwanza, nikanyamaza, nikawa najipaka mafuta ya mawese kidevuni mpaka nzi wakanizoea. Sasa na kufa umetangulia. Hiyo ni tabia gani? Maji tulikunywa ya kisima kimoja, chumvi tulichota kwenye kopo moja, halafu figo zinakusumbua wewe, zangu zinadunda tu. Nilimuuliza daktari akanijibu kwa Kiingereza. Nikamuuliza Mama akanijibu kwa Kiha. Kote kuwili sikuelewa, na mpaka leo sijaelewa.

Tangu tukuzike, maharage yamevunwa yakapandwa tena. Kibanda chetu cha kuchomelea pale Kasulu kipo, mageti yanatoka, ingawa wateja wanalalamika eti siku hizi mageti yangu yamepinda. Hayajapinda. Nyumba zao ndizo zimepinda. Wewe ndiye ulikuwa unajua kuongea nao kwa upole, mimi namwambia mtu ukweli anakwenda kwa fundi mwingine.

Mama yupo. Kila jioni anapakua sahani yako, anaiweka mbele ya kigoda chako, anasubiri nimalize yangu, kisha ananisogezea na yako. Nakula chakula cha watu wawili, Bukuru. Suruali hazifungi. Unamjua Mama: toka tumezaliwa, kwake kila kitu ni viwili. Soda mbili, kaptula mbili, viboko viwili hata kama kosa ni la mmoja. Mama yake alimfundisha kwamba ukimpa pacha mmoja ukamruka mwenzake, unaita ugonjwa nyumbani. Sasa nani wa kumwambia aache? Wewe ulikuwa unamwambia kitu anacheka. Mimi nikimwambia ananitazama usoni muda mrefu, na ninajua kabisa si mimi anayemtazama.

Basi. Tuje kwenye gari, maana ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Unakumbuka pale wodini, siku uliyoomba nikuinulie mto. Ulisema mambo mawili. La kwanza, niuze pikipiki zetu zote mbili ninunue ile gari ya michezo tuliyokuwa tunaiota toka makatapila yalipoanza kuchonga barabara ya lami. La pili, Kiza. "Wewe unaenda Kasulu kila siku, na yeye anaenda Kasulu kila siku," ulisema. "Mpeleke, Butoyi. Mtoto asitembee kwa miguu mpaka amalize kidato cha nne." Nikasema sawa. Ukauliza, "Sawa ya kweli au sawa ya Butoyi?" Nikasema ya kweli.

Maskini Kiza. Wewe ulikuwa unampakia kwenye pikipiki yako kila asubuhi, ulipolazwa akaanza kutembea gizagiza mpaka barabarani, viatu mkononi ili visichafuke. Hata jina hakupewa la kwake. Huku kwetu pacha wa kwanza Bukuru, wa pili Butoyi, anayezaliwa nyuma yao Kiza, imekwisha hiyo, hakuna aliyekaa akafikiri. Amezaliwa kama mkia wa habari yetu. Na bado ndiye pekee kati yetu watatu mwenye kichwa cha shule. Hesabu anazopiga yule mtoto, mimi nikizitazama tu nasikia njaa.

Kwa hiyo nilijua kazi yangu. Gari ya kwenda Kasulu na kurudi kila siku jua linapotoka. Iwe ya raha, iwe ya kuaminika. Watu wanadhani kuchagua gari ya michezo ni kuchagua rangi. Wangejaribu wakiwa wanakaa Muyama! Nusu ya safari ni lami laini kama shavu la mtoto, unaweza kukimbiza mpaka machozi yatoke. Nusu nyingine ni udongo mwekundu ambao ukinyeshewa unashika gurudumu kama mtu anayekudai. Gari ya kufurahisha kule inalia huku. Gari ya kuvumilia huku inasinzia kule.

Nilikwenda kwa Mzee Salehe, yule mwenye duka la vitenge na spea pale sokoni, ambaye mpwa wake anashughulika na magari bandarini Dar. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka ndala. "Bwana mdogo," akasema, "wataka gari au wataka sifa?" Nikamwambia vyote, Mzee. Akasema, "Basi kaa kitako, sifa nazo zina ushuru wake bandarini." Akanitolea simu yake, tukaanza kupitia picha.

Nilizipima kwa sheria zako, usifikiri nilisahau. Sheria ya kwanza uliyokuwa unaisema tukichomelea: gari ya raha ni ile inayowaka Jumatatu asubuhi kwenye baridi ya kwetu, siyo ile inayowaka Jumamosi mchana watu wakitazama. Sheria ya pili: usinunue gari ambayo spea zake haziuzwi kwenye duka linalouza pia misumari. Wewe ulikuwa na akili, sema ulikuwa huna mbwembwe.

Ya kwanza ilikuwa na mkia nyuma mpana wa kunyooshea nguo pasi, na bomba la eksozi ambalo paka wa Mama angelala ndani na watoto wake. Niliipenda mpaka nikaumwa tumbo. Mzee Salehe akaniambia hiyo inakunywa petroli kama harusi inavyokunywa soda. Nikaipitisha picha haraka haraka, kama mtu anayempita mchumba wake wa zamani sokoni.

Ya pili haikuwa picha. Ilikuwepo pale pale Kasulu, ya afisa mmoja aliyehamishwa kutoka Dodoma akahamishwa tena kabla hajazoea baridi. Nyeusi, inang'aa, imelala chini kama nyoka. Akaniruhusu niijaribu mpaka nyumbani. Kwenye lami, Bukuru! Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Nikafika kwenye tuta la mbele ya shule, tumbo likakwaruza, kelele zile zikanirudisha akili. Kwenye udongo ndiyo kabisa. Ililala. Wakaja kinamama kutoka shambani, wakaitazama, mmoja akaniuliza kama nimeileta kuipanda. Nilipofika nyumbani kuku wa Mama, wale wanaolala chini ya kila gari inayosimama uani, walizunguka wakachungulia wakaondoka. Hapakuwa na nafasi. Nikasema kuku wamekataa, mimi ni nani. Nikairudisha.

Ya tatu ndiyo hii. Jina la kampuni siliandiki, wasije wakafikiri nawatangazia bure. Rangi ya chungwa lililoiva. Ndogo. Milango miwili. Gia za mkono, siyo hizi za kukaa kama abiria kwenye gari yako mwenyewe. Imeinuka kidogo, kuku wanapita wakiinamisha vichwa. Na paa lake ni turubai, Bukuru, linakunjwa nyuma, unabaki na mbingu yako. Nikamuuliza Mzee Salehe kuhusu injini, akasema mashine yake ni ndugu na hizi gari za kawaida za abiria, kwa hiyo plagi, mikanda, shokapu, vyote vinapatikana hata kwake, kati ya vitenge na misumari. Nikamuuliza uzito. Akashangaa, "Wauliza uzito, wataka kuibeba?" Ndiyo! Hapo ndipo nilipowapita wote akili. Gari nyepesi ikinasa kwenye tope, vijana wanne wanaiinua wanaiweka pembeni kama kitanda. Hakuna gari ya kuaminika zaidi ya hiyo Muyama. Nani mwingine angewaza hivyo? Jibu mwenyewe.

Ilipofika nilipita nayo Kasulu yote turubai limekunjwa, mvua inanyunyiza, mimi sijali. Nyumbani walijaa watu. "Mwakeye, mwakeye," kila mtu anasalimia gari kabla ya kunisalimia mimi. Mama akaizunguka polepole, akapapasa turubai, akasema, "Yoo, mwana wanje, wamekuuzia gari haina kichwa." Nikamfungulia mlango. Akachungulia ndani. Akauliza, "Wewe unakaa wapi?" Nikamwambia hapa, kwenye usukani. "Na Bukuru?" Nikamwambia hapa, pembeni yangu. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Akaingia ndani akatoka na jaketi lako la bluu, lile la kwendea kanisani, akalivalisha kiti, akavuta mkanda akaufunga juu yake. "Umehesabu vizuri," akaniambia.

Hapo ndipo nikasikia Kiza nyuma yangu, begi begani, anauliza, "Na mimi?"

Nakuapia, Bukuru, sikuwa nimefikiria. Sheria zako zote nilizipima. Baridi, spea, tope, matuta, kuku. Gari nzima niliichambua mpaka boliti, na siku zote nikiitazama ile picha naona viti viwili najiambia safi, imetosha. Mimi na wewe. Ndivyo tulivyohesabu toka tumboni, moja mbili, dunia imejaa, funga mlango. Mtu mwingine yeyote angeona. Mtoto wa nasari angeona. Mzee Salehe aliniuliza mara mbili, "Una hakika viwili vyakutosha?" Nikamcheka, nikamwambia Mzee, sisi ni pacha.

Sasa sikia mambo yaliyofuata, na ukicheka tena nitachana barua.

Mama ameshasema kile kiti ni chako. Kiza lazima afike shule. Mimi nimeapa atafika. Nikafanyaje? Nikamkodia Sadiki wa bodaboda. Kila asubuhi Sadiki anampakia Kiza anatangulia, mimi nafuata nyuma na gari ya michezo, polepole, taa zinawaka, ili nihakikishe kwa macho yangu kwamba mtoto kafika. Unaielewa hiyo picha? Gari inayoweza kufika Kasulu kabla chai haijapoa, inatambaa nyuma ya bodaboda kama mke mdogo. Siku ya tatu watoto wa njiani walianza kutupigia saluti. Wakatupa jina, Msafara wa Waziri. Sadiki naye, mshenzi yule, kila asubuhi ananiuliza, "Bosi, leo twende na king'ora au bila?"

Mimi nifanyeje? Amri ya Mama.

Nikajaribu kumweleza Kiza. Nikamwambia mdogo wangu, haya ni mambo ya pacha, hayana ubaya na wewe. Akaniuliza, "Kaka, hiyo gari ina viti vingapi?" Viwili. "Watu walio hai wangapi wanaoenda Kasulu asubuhi?" Nikamwambia asinipigie hesabu, nipo mbele yake kwa umri. Akaniambia, "Kwa umri tu." Wewe ndiye uliyemlea vibaya huyu. Kila akikujibu ulikuwa unamkonyeza.

Na watu wakaanza kuingia kati, kila mmoja na ushauri wake. Jirani kasema nimweke Kiza nyuma. Nyuma hakuna, kuna turubai na tairi la akiba. Mzee Salehe akasema anaweza kunitafutia mteja, nibadilishe nichukue gari ya siti tano. Siti tano! Niiuze gari yetu, nichukue moja ya zile zinazofanana na kabati, ili wewe ukae wapi? Nilimwambia hapana, na siku hiyo nilirudi nyumbani mwendo ambao hata mimi nisingemruhusu mtu.

Halafu zikaja mvua. Unazijua mvua zetu, hazibishi hodi. Turubai langu halikuvuja hata tone, nakuambia ukweli, gari ile ni mwanamume. Kila asubuhi ya ukungu iliwaka kwa funguo moja. Ndani nimewasha hita, jaketi lako limekaa kavu pembeni yangu limefunga mkanda, na mbele yangu, kupitia kioo, namwona mdogo wetu amejifunika mfuko wa nailoni nyuma ya Sadiki, maji yanamtiririka mgongoni. Nilimnunulia mwavuli. Jaribu kushika mwavuli kwenye bodaboda.

Asubuhi moja, pale kwenye kona kabla ya kuipata lami, pikipiki iliteleza. Hakuna aliyevunjika, usishtuke. Sadiki alichubuka kiwiko. Kiza alikaa chini kwenye tope, sare nyeupe ikawa nyekundu, daftari zake zikalala kwenye dimbwi. Nilishuka mbio. Nikamwinua. Akasimama pale ananitazama, halafu akautazama mlango wangu niliouacha wazi, akatazama ndani. Akasema, "Kaka, jaketi limefunga mkanda. Mimi nimeanguka."

Hakulia. Ningependa alie. Nikamwambia, Kiza, unajua ni amri ya Mama. Akaokota daftari zake. Tukaiinua pikipiki mimi na Sadiki, akapanda tena, akaenda shule hivyo hivyo, na tope lake, na wenzake wakamcheka, na mimi nikafuata nyuma taa zinawaka.

Wiki iliyofuata aliondoka. Alimwambia Mama anakwenda kumsalimia Shangazi kule Kumsenga, akapanda gari ya Kibondo, hakurudi. Shangazi akapiga simu akasema mtoto anajifunza cherehani, anashona vizuri, tusimsumbue. Cherehani, Bukuru. Yule aliyekuwa anakusaidia kupima pembe za mageti kwa kichwa tu, bila kamba. Madam wake wa hesabu, yule aliyehamishiwa hapa kutoka Moshi, amekuja mpaka kibandani, akasimama kwenye cheche na viatu vyake vizuri. "Wewe ndiye kaka yake mwenye gari ya rangi ya chungwa?" Ndiyo, Madam. "Gari nzuri," akasema. "Mtihani wa taifa unakaribia. Jina la Kiza limeshaandikishwa, mwenyewe hayupo. Wewe kaka yake unasemaje?" Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilijibu kwa kuinama na kuchomelea tena geti nililokwisha kulimaliza. Mimi! Watu wa pale kibandani wanaweza kutoa ushahidi.

Kwa hiyo nimechoka, ndugu yangu. Nimechoka na Mama anayenilisha mara mbili. Nimechoka na Sadiki, ambaye mpaka sasa akiniona peke yangu barabarani anapunguza mwendo, anakaa mbele yangu na kunipigia honi, akidhani anachekesha. Nimechoka na gari ambayo haina kosa. Ingekuwa mbovu ningeilaumu. Ingegoma asubuhi moja, ingekata mkanda, ingechemsha maji, ningesema hii ndiyo sababu. Haigomi. Kila siku inawaka, inakimbia, inanifikisha Kasulu nikiwa na raha mwili mzima na sina wa kumwambia umeona kona ile. Nageuza shingo kukuambia. Kila siku nageuza shingo.

Na nimechoka na wewe pia, nikuambie tu. Ulijua nini uliposema niuze pikipiki? Ulikuwa unawaza viti vingapi? Ungesema neno moja tu pale wodini, "Butoyi, viti vitatu," ningetafuta hata kwa kuchomelea mwenyewe. Lakini wewe ulihesabu kama mimi. Usikatae. Uliniambia "gari yetu," na tulikuwa hatujawahi kuwa na "yetu" ya watu zaidi ya wawili.

Naandika nikiwa nimekaa ndani yake, hapa uani, mchana, kuku chini. Mama anapura maharage, ananitazama mara moja moja. Anajua naandika kwa nani. Hajauliza.

Nikuage sasa, maana daftari hili ni la Kiza, sitaki kulimaliza. Kaa salama huko, mkubwa wangu. Msalimie Baba, mwambie mawese ya mwaka huu ni mazuri. Kesho asubuhi natia mafuta, nakwenda Kumsenga. Sitapeleka maneno, unajua maneno yangu. Nitasimama kwa Shangazi, nitafungua ule mlango wa pili, na nitangoja hata kama ni mpaka jioni. Akikataa nitarudi kesho yake. Jaketi lako nitalivaa mimi mwenyewe, linanibana tumboni lakini nitalivaa. Na mpaka siku ya mwisho ya mtihani Kiza atakaa mbele, mkanda umefungwa, akinipigia hesabu nitazisikiliza. Hiyo ni sawa ya kweli.

Ila kuna kitu nimekuzunguka nacho tangu mwanzo wa barua, na wewe huwa unanisubiri tu mpaka niseme mwenyewe.

Jioni ya ile siku ya tope, Mama alitoka nje na taa, akafungua mlango wa gari, akafungua mkanda. Akalikunja jaketi lako vizuri, akaniambia, "Bukuru alimbeba huyu mtoto mgongoni. Hawezi kumnyima kiti. Kesho Kiza apande." Akaingia nalo ndani. Mimi nikabaki nakitazama kile kiti. Kilikuwa kitupu, Bukuru. Kaburini sikulia, hata udongo niliurusha kama mwanamume, lakini kile kiti kilikuwa kitupu. Kulipopambazuka, Mama akiwa kisimani, nilikwenda kulichukua jaketi kwenye sanduku la Mama, nikalirudisha, nikafunga mkanda. Kiza akaja na begi lake, amefurahi, Mama alishamwambia. Akanikuta mkono wangu bado uko kwenye mkanda. Nikamwambia, Mama kabadili mawazo, kasema hapana.